Kapeti ya Sebuleni kwa Jeconia

Langas, Eldoret
12 Januari 2025

Kwako Waya Adoyo, shangazi yangu,

Salamu kutoka kwetu watatu. Tuko salama kiasi. Baridi ya asubuhi bado inauma, mchana jua linachoma, na vumbi la Langas unalijua mwenyewe. Jemutai anakusalimu. Ile mbegu ya mahindi uliyompa Krismasi amempelekea mama yake Sugoi, na mama mkwe amesema mbegu ya Ugunja ikifika Sugoi lazima kwanza ifundishwe baridi. Mimi kazi ni ile ile, maabara ya chuo huko Kesses, kuosha chupa na kuwaambia wanafunzi wasiguse.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho nilikuuliza juu ya kapeti, ukaniambia kuku wanataga vizuri. Masikio yako najua yamechoka, na mesej husomi, unasema herufi zake ni za sisimizi. Kwa hivyo barua hii nimeituma na basi la Ugunja. Utaichukua dukani kwa Wasike.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu tuhamie nyumba ya Baba mwezi wa Novemba, mtoto wetu Awuor hapumui vizuri. Anakohoa mpaka mbavu zinamuuma, na kifua kinalia hata akiwa amekaa tu. Daktari amesema ni pumu. Alituandikia inhela, kisha akauliza sakafuni kuna nini. Nikamwambia kapeti ya zamani, imebandikwa kwa gundi sebuleni na kwenye korido. Akauliza ina miaka mingapi. Nilipoingia darasa la kwanza tayari ilikuwepo, na sasa nina thelathini na tisa. Daktari aliweka kalamu chini akasema, "Itoe."

Ningekuwa nimeshaitoa. Lakini Baba alikuwa na neno lake. Miaka sita iliyopita nilimwambia tuing'oe tuweke vigae, akanijibu, "Muulize Adoyo kwanza," akawasha redio. Sikukuuliza, nilidhani ni uvivu wa wazee. Sasa tumemzika tangu Agosti na sitaki kulipita neno lake hivi hivi. Kwa hivyo nauliza. Wewe ndiye uliyenilea katika nyumba hii na ulikuwepo kapeti ikiwekwa. Mlitumia gundi gani, na chini yake ni simiti au ni mbao? Na kama kuna sababu nyingine ya Baba kusema vile, niambie.

Ujibu upesi kidogo, kwa ajili ya mtoto.

Mtoto wa ndugu yako,
Odera


Ugunja
9 Februari 2025

Kwako Odera,

Nakusalimu wewe, namsalimu Jemutai, na huyo Awuor mdogo aliyebeba jina la mama yako namsalimu mara mbili. Barua yako ililala kwa Wasike siku kumi na tatu chini ya magunia ya chakula cha kuku. Nilipoifungua nilipiga chafya kabla sijasoma hata salamu. Huku mvua imegoma. Mguu wangu wa kushoto ni ule ule. Kaburi la baba yako lilipata ufa upande wa miguu, nikamwita fundi akaziba, usiwe na wasiwasi. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja ana kiburi. Naona unaniandikia Kiswahili cha ofisi. Ni sawa, maana Kijaluo chako cha Eldoret kingenipa homa.

Kuhusu kapeti, iache.

Mtoto akikohoa mpe maji moto na asali, mvishe sweta. Wewe pia ulikohoa utotoni na kapeti ilikuwa hapo hapo, na bado uko, unaniandikia barua za kuniharakisha. Kama ni vumbi, tandika mkeka wa plastiki juu yake, ule wa maua maua, unapangusa na kitambaa basi. Ukiona lazima mikono yako ing'oe kitu, ng'oa ya korido.

Tena kuna desturi, ambayo hukuniuliza. Nyumba ya marehemu haichokonolewi sakafu kabla mwaka haujaisha na ukumbusho haujafanywa. Ukichimba pale miguu yake ilipokanyaga unaita chira, ile laana ya kuvunja miko, na chira haichagui, inaweza kumwangukia huyo mtoto unayemtetea. Najua umesoma na hutaki kusikia haya. Lakini wazee hawakuwa wajinga. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Ama umlete Awuor kwangu mpaka Agosti. Hewa ya huku ni safi na shule iko hapo ng'ambo ya barabara.

Nimempa dereva kilo mbili za omena, dagaa wa ziwani. Mwambie Jemutai asizitie maziwa.

Waya wako,
Adoyo


Langas, Eldoret
16 Machi 2025

Kwako Waya,

Habari za huko? Omena zilifika. Jemutai alizikaanga na nyanya, hakutia maziwa, ingawa anasema hakuwa amewaza maziwa mpaka ulipomkataza. Pole kwa mguu. Asante kwa kaburi. Huku watu wameanza kulima, trekta zinapita barabarani asubuhi mpaka jioni, na kazini wanafunzi wamegoma wakarudi, wakagoma tena.

Nilikutii, Waya. Nilinunua mkeka wa plastiki, ule wa maua maua, nikatandika sebule nzima. Wiki ya tatu Awuor alilazwa siku tatu, na oksijeni puani. Daktari alikuja akaniuliza kama kapeti tuliitoa. Nikamwambia tumeifunika. Aliandika kitu kwenye faili. Niliona aibu mbele ya manesi na mbele ya mke wangu.

Kuhusu desturi, nilimwendea Mzee George, yule anayesimamia matanga ya watu wetu hapa Langas. Nilimsomea maneno yako vile uliyaandika. Alifikiri, akauliza kama ni nyumba ya boma la nyumbani au ya mjini. Nikasema ya mjini, ya mawe. Akasema ameshika mambo ya vifo miaka arobaini na hajawahi kusikia chira ya kapeti. "Hiyo desturi," akasema, "imezaliwa mwezi wa pili." Tulicheka. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani Jemutai alisema kitu ambacho sikukipenda. Alisema, "Mimi si Mjaluo na siwezi kuongea juu ya chira. Lakini Waya anaogopa hiyo sakafu."

Korido nimeitoa, kama ulivyoruhusu. Nakueleza ilivyokuwa ili ujue haikuwa kazi ya mchezo. Kwanza niliivuta kwa mikono, yakatoka manyoya ya juu peke yake, sponji ya chini ikabaki imeshika sakafu. Fundi mmoja akanionyesha njia. Unaikata vipande virefu vya upana wa kiganja, kwa kisu kikali. Unaanzia pembeni, unavuta kipande pole pole huku mwenzako akisukuma bapa la kukwangulia chini yake. Kinachobaki unakimwagia maji ya moto, unafunika na gunia lililoloa, unakunywa chai, kisha unarudi kukwangua. Gundi inalainika, inakuwa nyeusi na inanuka, na ukichelewa inaganda tena unaanza upya. Wengine walisema nitumie petroli. Nilikataa, naijua petroli kutoka kazini. Siku mbili nzima kwa mita nne. Jemutai na mtoto walikaa kwa jirani mpaka vumbi likaisha. Chini ni simiti nyekundu, ile ya zamani ya kung'arishwa. Magoti yangu yamevimba.

Mzee George ameshasema, daktari ameshasema. Sebule nitaianza Ijumaa Kuu nikiwa likizo, tarehe kumi na nane Aprili. Kama una neno, liseme kabla ya siku hiyo. Siulizi tena habari ya gundi, hiyo nimeshaijua. Nauliza kwa nini Baba alinituma kwako.

Odera


Ugunja
7 Aprili 2025

Odera,

Mvua imekuja, yote mara moja, imebeba choo cha jirani. Mimi niko. Namsalimu mkeo, na umwambie ana macho.

Pole kwa mtoto. Hukuniambia amelazwa mpaka alipotoka, na mimi ningekuja hata na mguu huu. Tena mwambie George kwamba ni kweli, niliitunga. Niliona nimeitunga vizuri. Sikujua ungeibeba mpaka kwa wazee.

Sasa kaa chini usome.

Mama yako hakufa kwa uzazi peke yake. Uliambiwa alikwenda hospitali kujifungua na hakurudi. Hiyo ni kweli, lakini imekatwa mbele. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa Jumamosi. Sakafu ya sebule wakati huo ilikuwa wazi, nyekundu, na kila Jumamosi ilipigwa polishi kama za nyumba zote za pale. Siku hiyo polishi ilikuwa nyingi kupita kiasi na haikuwa imefutwa ikakauka. Mama yako alitoka jikoni na sufuria ya uji, akateleza hapo mlangoni, akaangukia mgongo. Majirani walimbeba hospitali. Mtoto alikufa Jumapili, na yeye Jumatatu asubuhi.

Aliyepiga ile polishi ni mimi. Nilikuwa nimewatembelea, nikataka nionekane nimesaidia kazi. Nilipaka, nikaenda sokoni bila kuifuta. Ndiyo maana baba yako aliweka kapeti, hatukuweza kuiona tena ile sakafu. Hakuwahi kunitupia neno hata siku moja. Ndiyo maana pia nilikaa Eldoret nikakulea, na ndiyo maana alikuambia uniulize mimi kwanza.

Sasa umejua. Ing'oe. Usiniulize zaidi, maana nimeandika yote niliyo nayo.

Adoyo


Langas, Eldoret
27 Aprili 2025

Waya,

Barua yako ililetwa Ijumaa Kuu mchana, nikiwa ndio kwanza nimeanza sebule. Niliisoma nikiwa nimepiga magoti. Kisha niliendelea na kazi kwa sababu maji yalikuwa yameshachemka.

Kapeti imetoka yote. Ilichukua siku sita. Tuliiweka kwenye mkokoteni mara tatu. Karibu na mlango wa jikoni gundi ilikuwa ngumu kuliko kwingine, nikakwangua pale siku nzima. Sakafu imebaki na madoa meusi, lakini ni nzima, haina ufa. Tumeiosha na sabuni mara nne na hatujapaka kitu. Awuor ameanza kupata nafuu. Daktari ameridhika.

Nina hasira na wewe, na sitaificha. Kila Desemba ulinishika mkono ukanipeleka kaburini kwa Mama, ukaniambia niseme sala yangu, na ulikuwa unajua. Nimeishi nikiamini uzazi ndio uliomuua. Nilimlaumu yule mtoto aliyekufa naye, ambaye hakupewa hata jina. Jemutai alipojifungua Awuor, nilikaa nje ya wodi kwa muda wa saa tisa nikingoja niitwe niambiwe amekufa. Tangu hapo nimemkatalia mtoto wa pili. Amelia, amenibembeleza, mama yake ameniita Sugoi tukaongea, na jibu langu limekuwa moja. Awuor hana ndugu kwa sababu ya hadithi mliyonipa wewe na Baba.

Kuanguka ni ajali, hilo naweza kulimeza. Kunyamaza kwa miaka thelathini na minne siwezi.

Agosti hatutakuja, hata kwa ukumbusho wa Baba. Nitatuma mchango wangu kwa binamu. Tafadhali usiniandikie kwa sasa.

Odera


Ugunja
15 Juni 2025

Odera,

Umesema nisiandike. Sawa, lakini hata mahakama haiwezi kunikataza kusalimu. Nakusalimu. Namsalimu Jemutai. Huku mahindi yamefika kiunoni, yule mbuzi mwenye kiburi amekula kanga yangu, na Wasike ameoza jino, anauza duka akiwa amefunga shavu na leso.

Sweta hii ni ya Awuor. Nimeishona mwenyewe, mikono mirefu, ataikulia. Sijui kifua chake kikoje sasa na hakuna anayeniambia.

Ukitaka kunilaumu, laumu tu. Nimezeeka na ngozi yangu ni nene. Lakini ukumbusho wa baba yako ni tarehe ishirini na tatu Agosti, na mtoto wa kiume ni wewe peke yako. Njoo usimame pale. Mimi nitakuwa jikoni na wanawake, na kama hutaki kuniona, hutaniona.

Si lazima ujibu.

Waya wako


Langas, Eldoret
3 Agosti 2025

Waya,

Habari za huko? Sisi tuko. Sweta inamtosha Awuor, anaenda nayo shule hata siku za jua. Tangu mwisho wa Aprili hajalazwa, na inhela sasa inakaa kabatini wiki nzima bila kuguswa. Nilipaswa kukuambia hayo mwezi wa sita, ulipouliza. Sikukuambia kwa makusudi. Samahani.

Jumamosi iliyopita alikuja Mama Njambi. Tulipakana naye ukuta kwa ukuta nikiwa mdogo, kisha akahamia Huruma. Habari za Baba zilimfikia mwaka huu tu, akaja kutupa pole, na sukari na majani chai mkononi. Alifika mlangoni akaona sakafu, akasimama. Akavua viatu. Nikamwambia aingie navyo, akasema hapana, mwenye sakafu hii hangekubali. Alikuwa anamsema Mama. Jemutai akampa kiti na chai.

Sikutaka aanze kunificha, kwa hivyo nilimwambia mapema kwamba najua Mama aliteleza hapa, na najua ni shangazi yangu Adoyo aliyepiga polishi. Nadhani nililisema kwa uchungu. Akaniangalia. Akasema, "Adoyo gani? Adoyo alikuja hapa baada ya mazishi, alipokuja kukulea. Wakati huo alikuwa Kericho kwa majani chai. Mimi ndiye nilienda posta nikapiga simu ofisini kwao aitwe, kwa sababu baba yako hakuweza hata kushika simu."

Nikamuuliza, basi ni nani. Akasema hayo ni mambo ya zamani, tunywe chai. Nikamuuliza tena. Jemutai alimchukua Awuor akatoka naye nje. Kisha Mama Njambi akasema, akiangalia kikombe, "Jumamosi ilikuwa kazi yako. Mama yako alikuwa anakufunga matambara miguuni, unateleza kutoka ukuta mpaka ukuta, anakuhesabia, sisi majirani tunakuja kukuangalia. Siku hiyo yeye alikuwa jikoni. Wewe ulimaliza kopo lote peke yako, ulitaka kumshangaza."

Waya, matambara nayakumbuka. Nimeyakumbuka maisha yangu yote. Moja lilikuwa la gauni la kijani. Nilidhani ulikuwa mchezo wa shuleni, na kila nilipokumbuka nilifurahi.

Nilikuwa na miaka mitano. Jemutai ananiambia hivyo kila siku, anaipanga hesabu ile ile kwa njia tofauti, na kila siku namkubalia. Awuor ana saba na bado anavaa viatu kushoto kulia. Nayajua haya yote. Lakini ni wiki sasa naingia nyumbani kwa mlango wa nyuma ili nisipite sebuleni.

Nilikuandikia maneno mabaya na ukayapokea. Nataka unijibu mambo mawili, na usinitungie desturi. Kwa nini ulisema ni wewe? Na Baba, miaka yote ile tukikaa naye pale mezani, alikuwa ananiona vipi?

Odera


Ugunja
6 Agosti 2025

Odera, mwanangu,

Leo sitaanza na mvua. Dereva ameileta barua mpaka mlangoni, na nimemkalisha na chai akingoja jibu. Ana abiria watano ndani ya gari. Wacha wangoje.

Nilisema ni mimi kwa sababu ulikuwa unatafuta mtu wa kukasirikia na mimi nilikuwa karibu. Nina miaka sabini na nne. Hasira yako ningekaa nayo miaka michache nife nayo. Ile ya kujikasirikia mwenyewe ungekaa nayo mpaka uzeeke. Hiyo haikuwa hesabu ngumu. Nilichosahau ni Njambi, kumbe yuko hai na bado anakunywa chai za watu akiongea.

Hatukukaa kimya kwa kupenda kwetu. Mama yako alikuwa anaongea ile Jumapili, hospitalini. Alijua mtoto amekwenda. Alimshika baba yako shati akamwambia, "Odera asiambiwe." Aliyasema mara mbili, kisha akauliza kama umekula. Baba yako alinipokeza hayo nilipofika kutoka Kericho, na tangu siku hiyo yakawa yetu wawili, ndiyo maana alikutuma kwangu, yeye hakuweza kuyatamka. Sasa yamekufikia, na aliyeapa kuyafunga amekufa, kwa hivyo nitaongea.

Baba yako hakukulaumu hata kwa jicho. Alijilaumu mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyeleta kopo kubwa. Ulikuwa umemsumbua wiki nzima kwamba lile dogo linakuishia kabla hujafika mlangoni. Akikuangalia pale mezani alikuwa anakuangalia kama umeshiba. Huyo ndiye alikuwa Jeconia, hakuwa na mambo mengi.

Na huyo Jemutai, mpe mtoto anayemtaka. Mama yako alikuzaa wewe akatembea kurudi nyumbani siku ya pili, na dada zake wote walizaa hadi wakachoka. Hakuna ugonjwa wowote katika damu yenu. Hilo ni kosa letu, na ndilo peke yake ninaloomba unisamehe. Tuliona hadithi ya uzazi ni nyepesi, hatukujua utaibeba mpaka kitandani kwako.

Tarehe ishirini na tatu njooni wote. Sitakaa jikoni.

Sasa nikuambie ile kapeti ilivyowekwa, maana uliniuliza Januari na sijakujibu. Tulirudi Eldoret siku ya nne baada ya mazishi, baba yako, wewe na mimi. Jumamosi asubuhi niliamka nikasikia kitu kinakwaruza sebuleni. Nilikukuta umejifunga matambara miguuni, umeyafunga vibaya, moja linaburuta. Ulikuwa umepata kopo mahali, sijui wapi, na nusu ya sakafu ilikuwa tayari. Nikakuuliza unafanya nini. Ukaniambia nisikanyage, mama akirudi aikute inang'aa. Baba yako alikuwa amesimama nyuma yangu.

Jumatatu alileta fundi na kapeti. Fundi alitaka kuitandika tu, apige misumari pembeni, amalize kwa saa moja. Baba yako akamuuliza kama mtoto anaweza kuikunja. Fundi akacheka, akasema pembe moja tu ikiachia, mtoto yeyote anaikunja. Baba yako akasema basi tutumie gundi. Fundi akauliza aipake wapi, pembeni peke yake au mpaka katikati.

Baba yako akamwambia, "Kila mahali."

Waya wako,
Adoyo